Kidonge Kwanza, Manjano Baadaye

...tena kidogo na haya manjano yatalainika, kucha zangu zote za njano, wiki ya saba natwanga, kikombe asubuhi kikombe jioni, baba yao anakunywa kafumba macho, na yote kwa sababu binti yetu anayefanya kazi maabara alisema mezani hapa kwamba kila seli ya ini hula takataka zake yenyewe, ikizembea makovu hujaa, na kuna kitu ndani ya manjano kinachoiamsha, "tumeona kwa panya tu, Baba, kwa panya," alisema, lakini mume wangu husikia nusu anayoitaka, aliponiposa nilimwambia "hapana, labda baadaye", akasikia labda, tukaoana... na sasa binti huyohuyo mlangoni, begi bado begani, "Mama, nimepitia majibu ya Baba, ini limezidi kuwa gumu, virusi vya homa ya ini vimepanda, daktari anauliza kama anameza vidonge," anameza, nasema, nani kasema hamezi, natwanga... mkono unasita, kopo lile la vidonge juu ya kabati, mbona lina vumbi, nalishusha, nalitikisa, halilii, limejaa hadi shingoni, karatasi ya kuzibia haijatobolewa, wiki saba, na mimi hapa na mchi wangu, mpishi mkuu wa ujinga... "Nilidhani dawa moja inatosha," baba yao anasema kutoka kwenye kiti chake, "kama taka zinaliwa, vidonge vya nini tena," "Kwani wewe panya?" "Si ndivyo unavyoniita nikidokoa nyama," na binti anacheka huku anafuta macho, "Baba, manjano mengi hivyo yanaweza hata kuliumiza ini, kiasi chenyewe bado tunakitafuta," haya, kitafuteni, mkikipata niambieni, nitatwanga tena, sina ugomvi na mzizi, ila huyu mtu nimemfulia miaka ishirini na mitatu, hanifii kwa uvivu wa kumeza kitu kidogo kuliko punje ya dengu, sikubali, na mimi niliyeacha kuangalia kopo sijisamehe leo, nitajisamehe nikipata nafasi... kijiko kimoja cha manjano kwenye mchuzi, kama chakula, si dawa, mengine namwaga nje, napakua, sahani yake kidonge ukingoni, "Hiki nacho?" "Hicho kwanza, nyama baadaye," anameza, "fungua mdomo, inua ulimi," mdogo wake binti anaziba kicheko kwa kiganja, acheke, kesho zamu ya kukagua ni yake... binti, mdogo wake, baba yao, na mimi wa nne, wote tupo, kuleni.