Pini Nyekundu za Ngarenaro

Koplo Abdiel alisimama langoni mwa benki mpaka akasahau kwamba naye ni binadamu. Bunduki begani, jua utosini, alitazama matajiri wapya wa Arusha wakiingia na kutoka: wauza mitumba, wauza mawe ya Mererani, vijana waliokuwa juzi tu wakipiga debe stendi na leo wananukia manukato ya Dubai. Hakuna aliyemsalimia. Kwa hiyo alipochaguliwa kwenda Dar es Salaam kusomea uchambuzi wa uhalifu, alirudisha bunduki ghalani kama mtu anayetema kitu kichungu, akaapa kwamba lango lile hataliona tena ila akipita kwenda kuweka mshahara wake.

Alirudi na maneno mapya na hamu ya kupigana. Akapewa chumba kilichokuwa stoo ya matairi. Akakideki mwenyewe, akabandika ukutani ramani kubwa ya mji, akanunua kwa fundi cherehani pini za vichwa vyekundu. Kila wizi ulioripotiwa kituoni ulipata pini yake.

"Profesa wa pini!" Konstebo Godbless alimtania mlangoni. "Wezi wakija watachomwa?"

"Watakaochomwa ni wavivu kama wewe," Abdiel alimjibu bila kugeuka.

Mkuu wa kituo, Afande Sylvanus, hakucheka. Wafadhili waliolipia kozi ile walikuwa wanakuja Ijumaa kuona fedha yao imezaa nini.

"Sikiliza, koplo," alisema, akiigonga ramani kwa kifimbo. "Ijumaa nataka mtu. Si mapambo, mtu. Usiponipa, Jumatatu uko langoni benki."

Abdiel alikesha na hofu hiyo kifuani, asubuhi akasimama mbele ya ramani yake. Njiro ilikuwa na pini chache, Levolosi chache, lakini Ngarenaro palikuwa na kichochoro kimoja chenye pini nyingi mpaka karatasi imetoboka. Darasani walifundishwa: wizi ukilizunguka eneo, tafuta kilicho katikati. Akachora duara. Katikati ya duara palikuwa na nyumba ya Aminiel.

Aminiel alikuwa Mmeru wa makamo, fundi seremala, tena balozi wa nyumba kumi. Tangu vyama vingi viingie, mabalozi wengi walikuwa wamelegea, kila mmoja anakimbizana na kioski chake. Aminiel hakulegea. Jirani akiibiwa, aliacha randa juu ya ubao, akavaa koti, akamsindikiza mpaka kaunta ya polisi.

"Huyu!" Afande Sylvanus alipiga kofi mezani alipolisikia jina. "Kila wizi, yumo! Mimi nilidhani ana huruma, kumbe anakuja kusikia tunajua nini!"

Neno hilo lilimkaa Abdiel vizuri akilini. Mtu gani huyo, kila msiba wa wizi yeye hakosi?

Walimkamata mchana kweupe, shavu limejaa vumbi la mbao. Karakanani walikuta mtaimbo, nyundo, patasi na bisibisi.

"Vifaa vya kuvunjia," alisema Godbless.

"Vya kujengea, mwanangu," Aminiel alisema. "Mimi ni seremala."

Godbless akampiga kwa bapa la mtaimbo mgongoni. Mkewe, Hanna, alitoka na mikono yenye unga, akamwona Abdiel, akamshika mkono wa shati.

"Abdiel, si wewe wa kwa mama Elinipa kule kijijini Poli? Si tulisali pamoja? Waambie basi."

"Shikamoo, mama. Sheria itasema," Abdiel alijibu, akautoa mkono wake taratibu, kidole kimoja kimoja. Unga ukabaki kwenye shati.

Usiku huo Aminiel akiwa mahabusu, aliibiwa mama mmoja muuza vitenge, Sia. Alikuja kaunta Alhamisi asubuhi, peke yake, analilia redio kaseti yake.

"Unakaa wapi?" aliulizwa.

"Ngarenaro, kwa balozi Aminiel."

Ikaandikwa hivyo hivyo. Abdiel aliisikia akiwa mlangoni na pini mkononi. Akamwambia Sia amwonyeshe nyumba.

Walifika kwa Aminiel, Sia akapita. Walivuka mtaro, wakapita gereji za malori, wakapita kanisa, wakapita uwanja wa mpira, na Sia bado anaenda mbele, kanga inaburuza vumbi.

"Mama, kwani ni wapi? Si ulisema kwa Aminiel?"

"Ndiyo, kwa Aminiel. Huku nyumba hazina namba, afande. Na balozi wetu wa huku tangu afungue baa yake hatumpati. Aminiel ndiye anayekubali kutusindikiza, basi sote tunasema tunakaa kwake."

Abdiel alisimama pale, mbele ya mlango uliovunjwa, akaiona ramani yake yote kama ilivyokuwa. Pini zile hazikuonyesha mwizi anakaa wapi. Zilionyesha mtu mmoja asiyechoka kutembea na wenzake.

Alikimbia kurudi kituoni.

"Afande, tumekosea."

"Tumekosea akina nani? Ramani ni yako."

Abdiel akaeleza, jasho linamtiririka. Afande Sylvanus alimsikiliza mpaka mwisho, akamimina chai kwenye kisosi, akainywa.

"Umemaliza? Kesho wageni wanakuja kuona ramani imekamata mtu. Ramani imekamata mtu. Jumamosi tutamwachia kimya kimya, ushahidi haujatosha, aende zake kwenye mbao. Ukitaka kuiondoa ramani leo, iondoe, uitandike pale langoni ukae juu yake."

Abdiel akapiga saluti. Ni siku moja tu, alijiambia. Siku moja mahabusu haijamuua mtu.

Ijumaa chumba kilinukia rangi mpya. Walikuja wafadhili wawili, na mwananchi mmoja aliyealikwa kutoa shukrani: Loishiye, mwenye duka la vipuri Ngarenaro, mtu mwenye sauti ya mnada, aliyeibiwa mara mbili. Abdiel alieleza ramani, na kadiri alivyoeleza sauti yake ilipata nguvu, maneno yakapangana yenyewe, wageni wakatikisa vichwa kukubali. Alikuwa hajawahi kutazamwa namna ile. Mgeni mmoja, mwanamke aliyejua Kiswahili, akauliza:

"Na huyu mliyemkamata, mna uhakika ndiye?"

Afande Sylvanus alikuwa anatazama dirishani, upande wa mjini, upande wa benki. Abdiel angeweza kusema uchunguzi unaendelea. Angeweza kukohoa tu.

"Ndiye," alisema.

Wakapiga makofi. Loishiye alipiga kuliko wote.

Jumamosi Aminiel aliachiwa, kama ilivyoahidiwa. Alitembea kwenda nyumbani akichechemea, koti begani. Lakini Loishiye alikuwa ameshafika dukani tangu jana yake na sauti yake.

"Polisi wenyewe wamesema, mbele ya Wazungu! Ndiye!"

"Kumbe!" akasema mwingine. "Ndiyo maana alikuwa anatuuliza kimepotea nini na nini!"

"Na sasa amehonga, ametoka!"

Walimngoja mlangoni mwa karakana yake. Wengi wao aliwahi kuwasindikiza. Aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, kama anayeomba wanyamaze kanisani. Walimpiga kwa mbao zake mwenyewe, mbao za kitanda cha bibi harusi kilichokuwa hakijamalizika, na Hanna akiwa ameshikwa mikono ili aone. Polisi walifika wakati kuna kazi moja tu iliyobaki, ya kumfunika.

Hakuna aliyeshtakiwa. Hakuna aliyeona.

Baada ya hapo pini za Ngarenaro zilikoma. Mwezi ukapita, ukapita mwingine, pini za zamani zikang'olewa, kichochoro kikabaki kitupu kwenye ramani. Afande Sylvanus aliandikiwa pongezi. Abdiel akavishwa cheo cha sajenti. Siku moja alivaa nguo za kiraia akaenda kule, akamkuta Sia mlangoni, kufuli mpya imening'inia kwenye bawaba iliyong'olewa.

"Umeibiwa tena, mama?"

"Mara tatu."

"Mbona hukuripoti?"

Sia alimtazama toka viatu mpaka kofia.

"Nisindikizwe na nani, afande? Tulikuwa na mtu mmoja. Mkatuambia ni mwizi, tukamuua." Akaingia ndani, akaufunga mlango kwa jiwe.

Jumatatu iliyofuata walikuja maofisa kutoka mikoa mingine kujifunza. Chumba hakikutosha, wengine walisimama barazani. Afande Sylvanus akamkabidhi Abdiel kifimbo.

"Waambie, sajenti, hapa Ngarenaro mlifanyaje mpaka pakawa peupe namna hii."

Abdiel aliweka ncha ya kifimbo pale karatasi ilipotoboka.

"Hapa," alisema, "tulimwondoa mtu mmoja tu."

Maofisa wakainama, wakaandika.