Tonge la Pasaka

Pasaka imenikuta Oslo, peke yangu, na injera, ule mkate wetu mwembamba wa Kihabeshi, ya friji, isiyo na ladha wala adabu. Kwetu Dessie, siku kama hii tonge la kwanza unalishwa na mtu anayekupenda.

Mama akapiga simu ya video.

"Tsige, mbona umekonda hivyo? Nani anakulisha huko?"

"Najilisha, mama."

"Unajilisha! Yatima wewe? Hebu fungua kinywa."

Akamega injera, akaichovya kwenye mchuzi wa kuku, akaileta moja kwa moja kwangu.

"Mama jamani, hiyo ni simu!"

"Unaukataa mkono wangu?"

Nikaachama. Kioo kizima kikawa chekundu kwa mchuzi, sura yake ikapotea.

"Umemeza?"

"Nimemeza, mama. Niongeze."