Asante kwa Kuona

Marlys Hovland alikuwa na sheria nyingi, na watoto wa klabu yake ya kulenga shabaha walizijua zote kama walivyoyajua majina ya ndama wao. Bunduki haielekezwi kwa mtu, hata ikiwa tupu; anayeielekeza anakaa benchi mpaka mazoezi yaishe. Kidole hakigusi kifyatulio mpaka jicho limeiona shabaha. Ukitaka kuvuka ua wa seng'enge porini, toa risasi kwanza, laza bunduki chini, ndipo uvuke. Lakini iliyokuwa juu ya zote, ile aliyoitunga mwenyewe na kutamba nayo mpaka kwenye mikutano ya wilaya za jirani, ilikuwa hii: yeyote akiona hatari, awe mzee au mtoto aliyejiunga jana, apige kelele, "Simamisha!" Hapo kila mtu analaza bunduki, anarudi nyuma ya mstari mweupe na kunyamaza. Aliyepiga kelele anasema alichokiona. Na hata kama alichokiona ni gugu kavu tu linaloviringishwa na upepo, wote wanamjibu kwa pamoja, "Asante kwa kuona."

"Mimi nitasimama kwa gugu siku nzima na wala sitachoka," Marlys alipenda kuwaambia wazazi. "Siku mtakayoona watoto wangu wanaogopa kupiga kelele, njooni muwachukue."

Alisema vizuri, hakuna wa kumpinga. Ila kusema na kutenda ni vitu viwili, na Jumamosi moja ya mwezi wa nne vilitengana mbele ya kadamnasi.

Siku hiyo walikuja wageni. Rollie Mettler, mwenyekiti wa kamati inayosimamia klabu za vijana, alikuja na mwenzake mmoja, wakasimama nyuma ya mstari wameshika vikombe vyao vya kahawa. Marlys alijua walichokifuata. Mgahawani mjini Mettler alikuwa ameshasema, na mji mdogo hauna siri, kwamba Marlys amezeeka, macho yanamchezea, labda wakati umefika wa kumwachia klabu kijana mwenye nguvu. Mama wa watu alikuwa amefiwa na mume, wanawe wamehamia Minneapolis, wanapiga simu Krismasi. Jumamosi za uwanjani ndizo zilizobaki. Basi asubuhi hiyo alijipanga kuwaonyesha.

Alionyesha kweli. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka bunduki ya mtoto mmoja ilipokwama. Mtoto akainua mkono kama alivyofundishwa, Marlys akaenda, akaichukua, akavuta bolti nyuma ili risasi itoke. Haikutoka. Risasi ilikuwa bado imenasa ndani. Na badala ya kuinama pale pale, mtutu ukiangalia uwanjani, akageuka na bunduki mkononi ili amweleze Mettler jambo, tena akiwa anatabasamu. Alitaka aonekane jinsi asivyobabaika. Mtutu ukageuka pamoja naye, ukapita kwenye benchi walipokaa watoto waliosubiri zamu.

"Simamisha!"

Alikuwa Jolee Pesicka, mtoto wa miaka kumi, aliyejiunga wakati wa theluji, ambaye kumsikia akiongea ilikuwa bahati. Bunduki zote zikalazwa. Watoto wakarudi nyuma ya mstari mweupe. Marlys akaushusha mtutu chini upesi.

"Umeona nini, Jolee?" aliuliza Duane Tschetter, tarishi mstaafu, msaidizi wa Marlys.

"Mtutu." Mtoto aligusa kifua cha mvulana aliyekaa pembeni yake. "Umepita hapa. Kwa Kolby."

Neno moja lingetosha: kweli. Angesema, wangeshukuru, angekwenda kukaa benchi kama sheria inavyotaka, na Mettler angefikiri anachotaka kufikiri. Lakini Mettler alikuwa ameacha kunywa kahawa yake, kikombe kimesimama kidevuni. Marlys akakiona kile kikombe, na ulimi ukatangulia.

"Hapana. Mtutu ulikuwa unaangalia chini muda wote. Umeona vibaya."

"Lakini Bi Marlys, mimi nime..."

"Jolee! Neno hilo si la mchezo. Hulipigi ovyo ili watu wakutazame. Utakaa hapo benchini mpaka tumalize."

Kolby alikuwa ameshafungua kinywa aseme ile asante yao. Akakifunga. Hakuna aliyeisema. Jolee aliangalia viatu vyake mpaka mwisho wa mazoezi, na baba yake alipokuja kumchukua, mtu mwingine akamsimulia kilichotokea kabla Jolee hajafunga mlango wa gari.

Mettler alimshika Marlys mkono wakati wa kuondoka. "Umewashika barabara, mama. Hapana upuuzi hapa. Kwa kweli tumefurahi."

Marlys akajibu asante. Alijichukia alipoisikia sauti yake mwenyewe, ilivyokuwa tamu.

Garini wakati wa kurudi alimuuliza Duane, huku macho yakiwa barabarani, "Wewe uliona?"

"Mimi?" Duane alikohoa. "Aa, mimi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu."

Miaka yote Duane alivaa buti za wachunga ng'ombe, zile za kuchomeka mguu tu, zisizo na kamba hata moja.

Wiki hiyo Marlys hakula akashiba. Aliitoa ile risasi iliyonasa, akaiweka juu ya meza ya jikoni, na kila akipita anaiona, ndogo kama punje ya mahindi. Alikuwa na aibu ya kumtazama hata paka wake. Mara mbili aliinua simu kumpigia Travis Pesicka, baba wa Jolee, na mara mbili akairudisha. Angeanzaje? Akajipa moyo kwamba watoto husahau. Mtu mzima akitaka kujidanganya hakosi methali, na yeye alijiambia yaliyopita si ndwele.

Jumamosi iliyofuata Jolee hakuwepo zamu ya kwanza ilipoanza. Watoto walilala kwenye mikeka yao, wakaanza kufyatua. Marlys alikuwa anamrekebisha mmoja kiwiko, kwa hiyo alichelewa kuinua macho. Alipoyainua, aliona mbwa wa jirani, mkubwa wa kahawia, anatembea taratibu mbele ya shabaha ananusa nyasi. Na aliona jambo jingine lililomkata maini. Watoto wa benchini walikuwa wamemwona mbwa zamani. Wote walikuwa wamegeuza shingo, wanamtazama yeye, Marlys, vinywa vimefungwa.

Alipiga kelele mwenyewe. Bunduki zikalazwa, mbwa akafukuzwa, hakuumia.

"Kwa nini hamkusema?" Akageukia benchi. "Kolby, wewe ulimwona?"

"Ndiyo."

"Sasa?"

Kolby alijikuna shingo. "Tulitaka tuwe na hakika kwanza. Tusije tukaambiwa tumeona vibaya."

Hakuwa anamsuta. Angekuwa anamsuta ingekuwa nafuu.

Ndipo gari la Travis Pesicka likaingia. Travis akashuka, kofia ameivua kabisa, na nyuma yake Jolee amebeba kwa mikono miwili sahani ya keki ya plamu, ile kuchen ya bibi zao, imefunikwa kwa kitambaa.

"Mama, samahani tumechelewa," Travis alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Binti yangu ana neno. Sisi kwetu hatumzushii mtu mzima."

"Travis, si lazima..."

"Ni lazima. Ameaibisha watu mbele ya wageni, ataomba radhi mbele ya watu. Haya, mwanangu, sema."

Si lazima. Ndivyo alivyosema Marlys, na alijua kabisa kwamba hata hilo lilikuwa la kujificha. Alisimama pale na filimbi yake shingoni, akamwacha mtoto aanze.

"Bi Marlys na wenzangu wote," Jolee alisema. Alikuwa amekariri. "Jumamosi iliyopita nilipiga kelele ovyo. Nilisema nimeona mtutu na sikuuona. Naomba mnisamehe." Hapo yaliyokaririwa yakaisha, lakini hakunyamaza. Akakunja uso kama mtu anayefanya hesabu ngumu. "Nimefikiria kila siku. Mimi bado nauona ukipita, lakini Bi Marlys anajua bunduki kuliko mimi. Kwa hiyo nadhani ni macho yangu. Nitajifunza kuangalia. Na sitapiga kelele tena mpaka..."

"Simamisha!"

Marlys hakujua kama neno lingetoka, ila lilitoka, kubwa, likapasuka katikati. Hapakuwa na bunduki mkononi mwa mtu. Hata hivyo watoto walirudi nyuma ya mstari mweupe kama walivyozoea, na Travis naye akarudi nyuma bila kujua kwa nini. Sheria ilitaka mtu aulize, na wa kuuliza alikuwa Duane.

"Umeona nini, Marlys?" Duane aliuliza. Alikuwa anazitazama buti zake.

"Nimeona mtutu," Marlys alisema. "Ulipita kwa Kolby, ukapita benchi lote. Ulikuwa na risasi ndani. Aliyeushika ni mimi. Jolee aliona sawasawa, na nilijua kwamba ameona, nikamwambia hakuona. Nikamkalisha pale ili Rollie Mettler anisifu."

Upepo ulipiga bati la banda la mifugo la pale jirani. Kisha, kwa mazoea tu, watoto wakajibu kwa pamoja: "Asante kwa kuona."

Kwa asante ile alitamani ardhi ipasuke aingie. "Si mimi," alisema, uso umemwiva, machozi yanamtoka bila kufutwa. "Msinishukuru mimi."

"Ilikuwa na risasi?" Travis aliuliza polepole.

"Ndiyo."

"Na mimi wiki nzima namwita mwanangu mwongo." Alimtazama Marlys juu mpaka chini. Kisha akaichukua ile sahani ya kuchen mikononi mwa binti yake, akaenda akairudisha garini, akafunga mlango.

Marlys akainama mbele ya Jolee. "Asante kwa kuona, mwanangu. Nilipaswa kusema siku ile ile."

Jolee hakutabasamu wala hakulia. Alimtazama kwa muda, jicho moja limefinywa kidogo, kama alivyofundishwa kutazama shabaha. "Anayeelekeza mtutu kwa mtu anakaa benchi," alisema.

"Ndiyo."

"Mpaka tumalize."

"Mpaka tumalize."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasoma sheria tu, kama ilivyo, na mwenye sheria ndiye aliyemfundisha. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Marlys alivua filimbi, akampa Duane, akaenda benchini mbele ya wazazi waliokuwa wameshaanza kukusanyika. Watoto wadogo wakasogea kumpisha.

"Bi Marlys," mmoja alimnong'oneza, "wiki ijayo utakuja?"

"Sijui. Leo nitampigia Mettler nimwambie yote. Wataamua wao."

"Sisi tukisema uje?"

"Ninyi tazameni mbele."

Duane alipuliza filimbi. Zamu ya Jolee ilikuwa imefika. Alilala kwenye mkeka, akaiweka bunduki begani, akatulia. Kabla hajafyatua, akainua kichwa.

"Simamisha!"

Bunduki zikalazwa. Watoto wakarudi nyuma. Duane akauliza, naye ameshtuka, "Umeona nini?"

"Gugu," Jolee alisema. "Nadhani lilikuwa gugu."

Marlys aliangalia uwanja wote, toka shabaha hadi shabaha. Upepo ulikuwa umetulia na hapakuwa na gugu hata moja. Alipogeuza macho alikuta Jolee haangalii uwanjani kabisa. Alikuwa amegeukia benchi, anamtazama yeye, anangoja kusikia atajibu nini.

"Asante kwa kuona," Marlys alijibu, wa kwanza kabla ya wote, na kwa aibu hakuweza kumtazama mtoto.