Mzee kwa Kirusi

Généreuse mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya, Jumapili moja ya theluji, tukimenya ndizi jikoni mwa kanisa letu hapa Louisville.

Kazi yake ilikuwa kumwangalia bibi mmoja Mrusi, Zoya, aliyeishi peke yake mtaa wa Beechmont. Kazini walimwambia amwite Zoya tu. Ulimi ukakataa. Utamwitaje mtu wa umri wa mama yako kwa jina kavu vile, kama mtoto wa jirani? Akatafuta kwenye simu Warusi wanamwitaje mwanamke mzee, akajifunza njiani ndani ya basi, midomo ikicheza bila sauti. Alipoingia akapiga goti, akatoa mikono miwili: "Starukha!"

Bibi Zoya akageukia ukuta. Siku mbili hakula.

Mwanawe, aliyekwisha kusikia yote kwa mama yake, akapiga simu ya mezani ya mle nyumbani kutoka mji wa Columbus. "Kwetu jina la mtu linabeba moyo wa anayelitamka," alisema. "Starukha ni mwanamke aliyekwisha, asiyetarajiwa kitu tena. Asipokula leo, kesho nakuja kumpeleka nyumba ya wazee."

Nje theluji ilishuka taratibu, mpaka chumba kikawa kama kinaelea, kitanda na birika na bakuli la supu iliyopoa. Généreuse alitaka kuomba msamaha, lakini kwa maneno gani? Akampigia mama yake, mama Esperance, aliyeko Buffalo, kwa video, wakaonana usoni.

"Mama, nimeharibu! Nilimwita mzee, kumbe nimemutukana."

"Mzee ni tusi? Tangu lini? Mimi unaniita vile kila siku!"

"Bon, ngoja nikuite kama nilivyomwita yeye." Akapiga goti mbele ya simu. "Starukha!"

Mama Esperance akaweka sawa kitenge begani, akainua kidevu kama mtu aliyeletewa kiti cha mbele harusini. "Eeh! Njo mimi, ndiye mimi huyo! Rudilia!"

Akarudia. Bibi Zoya alikuwa amegeuka. Alimtazama binti aliyepiga goti, kisha yule mama aliyeng'aa ndani ya simu, na uso wake ukalegea pole pole. Wale wawili wakaanza kuongea, kila mmoja lugha yake, wala hakuna aliyengoja kueleweka. Mwishowe bibi Zoya akajigusa kifua. "Starukha," akasema, akakaa wima, akaelekeza kidole kwenye supu.

Bakuli lilipoisha, akamshika Généreuse shavu. "Dochka."

Généreuse akampigia yule mwana kwa simu ya mezani, amweleze.

"Amekuita 'binti yangu'," akasema yule mwana. "Mama akisema hivyo, anamaanisha kesho urudi."

"Na wewe?"

"Nitakuja kumsalimu tu."

Mchana huo bibi Zoya akalala. Kule Buffalo mama Esperance, simu ikiwa bado wazi, akasinzia kwenye kiti. Généreuse akasikia pumzi mbili zikipanda na kushuka pamoja. Akaketi kwenye zulia azisikilize kidogo tu, na yeye pia akalala.