Mzinga wa Mwisho wa Benedicto

Epifania aliingia Kasulu mwezi wa sita akiwa na begi moja, kuku wawili na mzinga wa nyuki usio na nyuki. Kondakta wa basi la kutoka Kibondo alitaka kuurusha juu pamoja na magunia ya watu, naye akamwambia kwa upole kwamba kuku apeleke anakotaka, lakini mzinga unakaa na mwenyewe. Akaupakata hadi stendi. Abiria walimtazama, wakageukia madirisha. Mjane akipakata kitu kitupu, utamwambia nini?

Mumewe, Benedicto, alikuwa mrina asali wa Kitahana, kijiji cha Kibondo, kwa miaka thelathini na minne. Alikuwa na mizinga mia na zaidi porini, ya magome, aliyoitundika kwenye miti mirefu ambayo hata tumbili huipanda kwa adabu. Alipokufa mwezi wa pili, mdogo wake Nkunzimana alikuja na wenzake, wakaigawana yote kabla majivu ya moto wa matanga hayajapoa. Hakuna aliyeona kwamba wamedhulumu. Nyuki ni mali ya wanaume. Mwanamke akigusa mzinga, nyuki huhama. Ndivyo walivyosema wazee, na Epifania aliliamini hilo kama alivyoamini kwamba moto huunguza.

Walimwachia mmoja tu, huo aliokuja nao. Benedicto aliutengeneza wiki zake za mwisho, akiwa amekaa mkekani, akikohoa. Ulikuwa mfupi, mwembamba, mwepesi, umefungwa kiunoni kwa kamba ya mgomba. Nkunzimana aliugeuza huku na huku, akacheka, akasema kaka yake alikuwa akitengenezea watoto mchezo. Epifania alikubaliana naye moyoni, maana ugonjwa kweli ulikuwa umemtia mzee vituko. Siku moja alimwita, akamwambia anyooshe mikono mbele kama anayepokea mtoto, akaizungushia kamba ya mgomba, akatia fundo, akaivua, kisha akarudi kwenye magome yake. Mkewe alidhani ni homa.

Mwanawe Castory, mwalimu wa sekondari Kasulu, ndiye aliyemwita aje kukaa naye. Mtoto mwema, mke wake Leokadia naye mwema, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Akishika jembe, mama pumzika. Akishika ufagio, Leokadia anampokonya kwa heshima zote. Wakamkalisha kwenye kochi mbele ya televisheni, na jamani, mtu anaweza kuuawa kwa kupumzishwa. Hata mzinga ulipewa kazi kabla yake: Leokadia alitia vitunguu ndani, akausimamisha jikoni.

Kila Jumamosi asubuhi na mapema alikwenda jumuiya kusali na wanawake wenzake. Kila mmoja alitoa nia yake: huyu mtoto afaulu mtihani, yule mume aache pombe. Zamu ya Epifania ikifika, alisema maneno yale yale, "Niombeeni kifo chema." Wenzake waliitikia, twakuomba utusikie, lakini kwa sauti ndogo, kama watu wanaoogopa kwamba kweli watasikiwa.

Siku moja katekista aliwasomea habari za Abrahamu, jinsi alivyoambiwa atoke katika nchi yake naye ni mzee wa miaka sabini na mitano. Epifania alirudi nyumbani amekasirika. Abrahamu alihama na mke wake na mifugo yake. Yeye amehama na vitunguu. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasali kwa Kiha, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia wageni, na Imana, Mungu wa wazee wake, hakuwa mgeni kwake.

"Umenitoa Kitahana, sigombi," alisema. "Lakini niambie nimekuja kufanya nini huku. Kukaa kwenye kochi hata mto wa kochi unaweza."

Jibu lilikuja Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, saa nne asubuhi, na lilikuwa na mabawa.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la Salumu, mfanyabiashara wa maharage ambaye babu yake alitoka pwani. Ndiye mtu pekee mtaani ambaye hakumhurumia Epifania. Kila asubuhi alimtania kwamba asali ya Kibondo ina maji, naye akamjibu kwamba mizani ya dukani kwake ina mguu unaoikanyaga. Wakaishi kwa utani huo. Asubuhi hiyo Salumu alikuwa amepanga magunia nje, chini ya kivuli cha bati, ndipo bumba la nyuki likatokea angani likivuma, likazunguka mara mbili, likatua juu ya gunia la mwisho. Likajikusanya hapo, jeusi, kubwa kuliko kichwa cha ng'ombe.

Watu wakakimbia, kisha wakarudi. Na waliporudi walirudi na maneno. Twalibu wa bodaboda alikuwa wa kwanza kusema lililokuwa vinywani mwa wote: hawa hawakuja, hawa wametumwa. Kuna mkulima ameibiwa maharage, amekwenda kwa mganga, na nyuki wameyafuata hadi yalipo. Nani asiyejua kwamba nyuki wa mganga hawatui bure? Salumu aliapa kwamba amenunua kwa fedha yake ya halali. Alitaja wauzaji mmoja mmoja, jasho likimtiririka, lakini kadiri alivyotaja ndivyo watu walivyozidi kumsogelea. Mmoja alikuwa ameshika chupa ya petroli, akisema heri magunia yachomwe pamoja na duka.

Epifania aliona yote kutoka mlangoni. Alijua kwamba nyuki waliohama hushiba asali kwanza, na aliyeshiba hana haraka ya kuuma. Alijua kwamba wanatafuta nyumba tu. Alijua mambo mengi, kwani miaka thelathini na minne alikuwa amemsikiliza Benedicto jikoni. Lakini kugusa hakuwahi kugusa, na aliogopa. Aliogopa nyuki, aliogopa mwiko, na zaidi aliogopa kwamba wataruka wakimwona, na mji mzima ujue kwamba hafai hata kwa hilo.

Akaingia jikoni. Akamwaga vitunguu vyote sakafuni. Akautia mzinga mchaichai na kipande cha nta alichokuwa akipakia uzi wa kushonea, harufu wanazozipenda nyuki, akapalia magunzi yanayofuka kwenye chungu kilichovunjika. Castory alimzuia uani, amenyoosha mikono.

"Mama, watakuua."

"Mwanangu, nimeomba kazi," Epifania alisema. "Sasa imekuja, niikatae?"

Alivuka barabara. Watu wakampisha, na aliyeshika petroli akarudi nyuma kuliko wote. Akaweka chungu chini, kando ya gunia, moshi upande taratibu. Nyuki hupanda kwenye giza, hawashuki. Hilo alilisikia mara mia. Akaufungua mzinga upande mmoja, akaugeuza mdomo chini, akaushusha juu ya bumba, akaukumbatia ili usianguke.

Hapo ndipo alipojua. Mikono yake ilizunguka mzinga, na vidole vikakutana upande wa pili pale pale penye fundo la kamba. Havikupishana, havikupungukiwa. Benedicto hakuwa na homa siku ile. Alikuwa amempima. Alijua ndugu zake watachukua kila mzinga mzito wa juu ya mti, akatengeneza mmoja ambao wangeucheka wakauacha, mzinga wa mikono ya mwanamke aliyesimama chini.

Epifania akalia, akacheka, vyote kwa pamoja, nyuki wakimtembea mikononi hadi viwikoni. Walimuuma wawili tu, na hakuwalaumu. Akasali rozari, maana hakuwa na saa nyingine ya kupimia, na alipofika kumi la tatu gunia lilikuwa wazi, limeandikwa jina la Salumu kwa rangi nyekundu. Wote walikuwa ndani. Hawakuhama. Walikuwa wamehamia.

Twalibu, kwa sauti iliyopungua sana, akauliza, kwa hiyo bibi, mwizi ni nani.

"Nyuki hawana habari na wezi, mjukuu wangu," alimjibu. "Walitaka kivuli na nyumba. Salumu amewapa kivuli, mimi nimewapa nyumba. Wewe umewapa nini?"

Watu wakamcheka Twalibu, na kicheko kikamrudishia Salumu heshima yake. Mwenyewe alikuwa ameketi kizingitini, anafuta macho kwa kofia. Jioni, nyuki walipokwisha kutulia, alileta mkokoteni wake, akasaidia kuupeleka mzinga kwenye shamba la parokia nje ya mji. Njiani alimwambia Epifania kwamba asali ya Kibondo haina maji, lakini asimwambie mtu.

Yaliyofuata ni marefu. Ilikuja mizinga mingine, mifupi, iliyowekwa juu ya vigingi. Walikuja wanawake kujifunza, na Nkunzimana naye alifika siku moja kutazama, akatazama sana. Nta ya kwanza ilikwenda kwenye mshumaa wa Pasaka.

Lakini Jumamosi iliyofuata tu, jumuiya walipokusanyika, nia zikazunguka kama kawaida, mtihani, pombe, na zamu ikamfikia Epifania. Wenzake wakainamisha vichwa, tayari kuitikia kwa ile sauti yao ndogo. Epifania akasimama, mkono wake wa kulia bado umevimba.

"Tuombe mvua," alisema. "Maua yawe mengi."

Waliitikia hadi kuku wa jirani wakaruka.