Fomu ya Mzazi

Sindano alikuwa amebakiza wiki tano kutimiza miaka kumi na minane, na usajili wa utafiti wetu ulikuwa unafungwa Ijumaa. Ndiyo maana ilibidi mama yake atie saini.

Alikuja kliniki mwenyewe, akakaa mbele ya meza yangu, mikono ameikalia. Akanieleza kwamba kwenye ushonaji wa mama yake, mteja akiingia tu kupimwa nguo, moyo humwenda mbio na vidole vinagoma kutunga uzi. Chupa ya pombe aliificha kwenye gunia la vipande vya vitambaa. Mafunda mawili, mikono inatulia. Siku hizi yamefika sita kabla ya adhuhuri.

"Dada, huyo mshauri mnayewapa walio kwenye utafiti, ni mara nane kweli?"

"Mara nane, bure."

"Basi niandike. Ila kwa mama sema ni mambo ya usingizi."

Nikamwambia nitaongea kwa upole. Nilikuwa na miezi minne tangu nihitimu, na niliamini hakuna mzazi anayeweza kusikia mwanawe anaumwa akamcheka.

Chumba chao cha ushonaji kilikuwa na vyerehani viwili na kochi moja. Kwenye kochi amejilaza mjomba wake. Mama alikuwa anafumua pindo la suruali. Kanuni yetu ilitaka fomu isomwe kwa mzazi neno kwa neno, kwa sauti. Nikasoma: "Utafiti kuhusu wasiwasi, unywaji wa pombe na afya ya akili kwa vijana."

Wembe wa mama ukasimama. "Pombe ya nani?"

Sindano akaendelea kukanyaga cherehani kisicho na uzi.

"Mama, fomu hii inaeleza..."

"Sijauliza fomu, binti. Nimeuliza pombe."

Mjomba akaketi. "Kumbe ndiyo maana mishono inapinda kama nyoka. Mi nikadhani macho."

Jicho la Sindano lilikimbilia gunia mara moja tu. Likatosha. Mama akalimwaga sakafuni, akaiokota chupa, akaisimamisha juu ya cherehani cha mwanawe. Mlangoni alikuwa ameingia mteja, mwalimu wa shule ya jirani.

"Karibu, mwalimu. Gauni lako kalishona huyu. Likague, usije ukalewa kwa kulivaa."

Mwalimu akacheka kwa adabu.

"Eti wasiwasi," mjomba akasema. "Ana watoto? Ana kodi ya nyumba? Labda unamtia wasiwasi huo uzi."

Nikaomba tuzungumze nje. Mama akanyoosha mkono. "Lete kalamu, nasaini. Ila muulize hapahapa, nasi tusikie."

Kanuni ilikataza. Lakini ilikuwa Ijumaa; nikajiambia nusu shari kuliko shari kamili, nikampa kalamu, akasaini.

"Katika wiki mbili zilizopita, umekunywa pombe mara ngapi?"

"Sinywi." Chupa ilikuwa katikati yetu.

"Umeona huna thamani?"

"Hata siku moja."

"Umewahi kufikiri ni heri ungekufa?"

Akamtazama mama yake. "Hapana, dada."

Nikaandika kama alivyojibu. Jumla ya alama ilikuja sifuri. Ili kupewa mshauri, ilihitajika kumi.

Kliniki nilimweleza daktari kiongozi wa utafiti yote yaliyotokea, na kosa langu. Hakuinua kichwa. "Sisi tunaandika majibu, hatuandiki huruma. Mpigie mama umpe matokeo." Nikapiga.

Jumatatu nilirudi na namba ya mshauri mwingine kwenye kipande cha karatasi. Sindano alikuwa amesimama katikati ya chumba na utepe wa kupimia, mbele ya wateja watatu. Mikono ilimtetemeka hadi utepe ukamponyoka. Mama akamwacha aokote, kisha akamwambia aanze upya, kifua, kiuno, kwa sauti.

"Mama, huyu ni mgonjwa," nikasema.

"Wenyewe mmempima, mkasema sifuri. Kama si ugonjwa, basi ni ukaidi. Na ukaidi dawa yake tunayo."

Nikamnyooshea Sindano karatasi. Hakuipokea.

"Dada, nina kazi," akasema, akainama kuokota utepe uliomponyoka tena.