Kiapo cha Nasma na Tanuri la Mabamba

Nasma binti Badru aliapa mbele ya watu, palepale kwenye karakana yao Kasulu: wallahi, ngozi ya alumini aliyolivisha tanuri la Immakulata, mwoka mikate wa Mabamba, haitabanduka hata likiwashwa kila siku. Miezi miwili haijaisha, simu ikaja kutoka Mabamba. Ngozi inabanduka, na maganda yanadondokea mikate.

"Njoo ulichukue tanuri lako, fundi," alisema Immakulata. "Na kiapo chako uje nacho."

Weeh! Nasma alipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Marehemu baba yake alichovya mabati kwenye alumini iliyoyeyuka miaka thelathini, hakuna aliyemrudishia hata kipande. Sasa watu waseme binti karithi nyundo tu, ufundi umezikwa na mzee? Thubutu! Akapanda basi hadi Kibondo, kisha pikipiki hadi Mabamba, na mkobani vibati viwili alivyovichovya siku moja na lile tanuri.

Immakulata alimpa amahoro, salamu ya kwao Burundi, ya mdomoni tu. Nasma hakukaa, alitaka kuona mikate inavyookwa. Kumbe kila trei hutandikwa majani ya mgomba yaliyotoka kwenye ndoo ya maji! Mlango ulipofunguliwa, mvuke ulimvaa uso mzima.

"Majani ya nini, dada?"

"Ya kulainisha mkate. Mama alioka hivi tangu Burundi, na wateja wanaufuata ulaini huo. Usithubutu kuniambia niyaache."

"Sijasema kitu. Nipe siku mbili."

Kutwa nzima alichoma kibati kimoja kwenye moto mkavu, kingine kwenye moto wa kadiri ileile lakini wenye mvuke wa sufuria inayotokota. Jioni vyote vilikuwa vizima. Immakulata akacheka, "Haya, sema sasa!" Nasma akavilaza barazani. Asubuhi, ukungu ulipokwisha kuvigusa, kile cha mvuke kilikuwa kinatoka maganda kama kitunguu. Kile kikavu kiligoma hata kwa kisu.

Alielewa. Alumini ikipata moto hujifunika utando mwembamba, mgumu, unaokinga chuma kisiliwe. Mvuke huulegeza utando huo, nao ukipoa penye unyevu, unaachia.

Ulimi ulimwasha amgeuzie Immakulata kibao, ushahidi si huo hapo? Lakini alikumbuka siku ile ya kiapo: alisema yeye tu, mteja hakuulizwa neno.

"Kosa langu," alisema, na lilimuuma. "Niliapia moto mkavu. Sikukuuliza unaokaje."

Baada ya wiki tatu alileta tanuri jipya, ndani matofali, chuma nje tu. Majani yakabaki.

Lile la zamani hakulificha. Lipo mlangoni pa karakana, maganda yananing'inia, chini ya bango lenye jina la baba yake. Wateja huuliza bovu hili la nani.

"Langu," Nasma hujibu. "Kaa hapo, uniambie kwanza unapika nini."